Kwa Mdomo Wake Mwenyewe

Katika ukoo wa mume wangu kulikuwa na neno lisilotajwa. Likikaribia kumtoka mtu, aliligeuza akasema "ule mbaya", waliokuwepo wakaitikia "shari iwe mbali nasi", na mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Aliyelilinda neno hilo kuliko wote ni shemeji yangu Munji, kaka mkubwa wa mume wangu. Ana mashine ya kusaga viungo na nafaka pale Bab Jdid, Tunis, na kwa kuishi na kelele za mashine amezoea kupaza sauti hata msibani. Watu husikia salamu yake kabla hawajamwona. Lakini siku mume wangu Khemais alipogunduliwa na saratani ya kongosho, Munji alinivuta nyuma ya mlango wa hospitali akaninong'oneza kama mwizi.

"Hatajua. Umenisikia, Wasila? Tutamwambia ni mawe kwenye nyongo."

"Ni mwili wake, Sidi Munji," nikasema. Sidi ndivyo sote tulivyomwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Ni mdogo wangu. Nimemlea tangu baba yetu afe. Mtu hamuui ndugu yake kwa neno."

Khemais alikuwa fundi wa mabasi ya jiji. Ugonjwa ulipoanza, macho yake yaligeuka manjano, rangi ya teksi za Tunis, naye akasimama mbele ya kioo akaniambia, "Wasila, nimekuwa teksi. Nitafutie abiria." Walimwekea mrija mdogo tumboni wa kupitisha nyongo, rangi ikamrudi, akaamini mawe yameondoka. Akaanza kupanga kuipaka roshani yetu rangi. Alinunua makopo ya buluu na brashi mpya.

Dawa za kawaida, ambazo yeye aliambiwa ni za kusafisha nyongo, zilishindwa mapema. Ndipo tukapelekwa kwa Daktari Rim, mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, anayeongoza kitengo ambako dawa mpya hupewa watu kwa mara ya kwanza, baada ya panya na mbwa. Alizungumza nasi ofisini mwake, mimi na Munji, Khemais akiwa chumba cha pili anatolewa damu.

"Kila chembe ya mwili ichukulieni kama nyumba yenye mafundi wawili," alisema. "Kitu kikivunjika, mmoja wao hukitengeneza. Kwa baadhi ya watu wa ukoo wenu fundi wa kwanza ni dhaifu tangu kuzaliwa, na ndani ya uvimbe ameshakufa kabisa. Dawa hii inamfungia mlango fundi wa pili. Uvimbe unabaki hauna wa kuutengeneza."

"Kwa hiyo atapona," Munji akasema.

"Sikusema hivyo, baba. Tunampa mtu mmoja mmoja, watatu kwa kiasi kidogo, tunawaangalia kwa wiki kadhaa. Wakistahimili, tunachukua watatu wengine tunapandisha. Tunachotafuta sasa ni mwili unabeba dawa kiasi gani. Lakini kuna watu wawili ambao uvimbe wao umeanza kunywea, na mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu. Katika watatu wanaoingia sasa imebaki nafasi moja. Khemais anafaa."

Nilishika ukingo wa meza. Daktari akaendelea.

"Kuna sharti. Kabla ya kuweka sahihi, mgonjwa ananieleza yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, anaumwa nini na anakubali nini. Simtilii maneno kinywani. Dawa ambayo hata mimi sijaijua vizuri siwezi kumpa mtu asiyejua anachoumwa."

"Nitatia sahihi mimi. Mimi ndiye baba yake."

"Haiwezekani."

"Binti yangu, una kaka?"

"Ninaye."

"Ungempiga risasi ili upate kumfunga bandeji?"

Daktari Rim akasema nafasi itasubiri mpaka mwisho wa juma.

Garini, tukirudi, Munji alimwambia mdogo wake, "Wanatafuta sungura wa kujaribia dawa zao. Mawe yameshatoka, sungura wa nini?" Khemais akacheka, akanigeukia. "Unaona, Wasila? Kutoka teksi nimeshuka cheo, sasa ni sungura."

Asubuhi iliyofuata nilimwambia. Nilikaa kitandani nikamshika mkono, nikalitaja neno lenyewe, nikamwambia dawa ipo na daktari anamngoja. Kisha akachukua simu akampigia kaka yake. Munji alikuja na mkate wa moto kwapani, unga wa pilipili bado umemganda kwenye nyusi, anacheka.

"Mkeo amechoka. Halali usingizi, anaokota maneno ya wauguzi kwenye korido. Mtazame alivyokonda. Yeye ndiye wa kupelekwa kwa daktari."

Khemais akanipapasa mgongo wa mkono. Alinihurumia mimi. "Sidi hajanidanganya tangu nizaliwe," akasema kwa upole. Tangu siku hiyo nilikuwa mwehu wa ukoo. Jamaa wakija kumjulia hali waliniuliza kwanza mimi kama nimelala.

Nafasi ilikwenda kwa mtu mwingine. Khemais alikufa majira ya baridi yalipoanza. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama mvua itaacha ukuta wa roshani ukauke. Hakuaga wala hakuusia, maana mtu mwenye mawe ya nyongo anaaga nini? Msibani Munji alisimama mlangoni akipokea watu kwa sauti yake ileile. "Alhamdulillahi, ameondoka hana habari. Moyo wake haukuteseka hata siku moja." Watu wakambusu bega. Mtu mmoja akasema jina limempata mwenyewe, kwa sababu munji ni mwokozi. Mimi nilikuwa jikoni namimina kahawa, na hapo ndipo nilipoanza kumwombea ugonjwa. Sikumwombea kifo, hicho ni cha kila mtu. Nilimwombea ugonjwa uleule, mahali palepale. Nililiomba hilo kila nilipoinuka kwenye mswala, na sioni haya kuliandika.

Nilijibiwa mwaka wa pili.

Walikuja wanawe wawili, Walid anayeendesha mashine sasa na mdogo wake Anis, mwalimu wa shule. Walikuja na sahani ya makrudhi, vile vitafunio vya tende vilivyochovywa kwenye asali, kama watu wanaokuja kuposa. Walikaa, wakasifu mapazia yangu ambayo hayakuwa mapya. Mwisho Walid akasema, "Mama mdogo, macho ya baba yamekuwa manjano."

"Amekuwa teksi," nikasema.

Anis aliinamisha uso. Walid aliendelea. "Ni ule mbaya, shari iwe mbali. Yeye hajui. Tumemwambia ni mawe."

"Ya nyongo?"

"Ya nyongo."

"Akili nzuri hivyo mmeitoa wapi?"

Nilikwenda kuwaletea kahawa kwa sababu niliogopa uso wangu. Nilisimama mbele ya jiko nikauacha ufurahi unavyotaka mpaka kahawa ikapanda, kisha nikarudi na sinia.

Anis ndiye aliyeeleza shida yao. Dawa za kawaida hazikumsaidia baba yake. Damu ilipimwa, ikaonekana anayo kasoro ileile ya ukoo, na Daktari Rim amepiga simu. Dawa ni ileile aliyoitiwa Khemais, sasa imeshapandishwa mara kadhaa, na katika kundi linaloingia kuna nafasi. Sharti nalo ni lilelile.

"Wewe daktari unamfahamu, mama mdogo. Mwombe atuache tutie sahihi sisi. Baba tutamwambia ni vitamini."

"Mimi hata hilo sitaki," Walid akasema. "Akisikia tu, amekwisha. Yeye mwenyewe alitufundisha, wakati wa baba mdogo."

"Kweli aliwafundisha."

"Basi usimwambie. Nakuomba kwa roho ya marehemu."

Kwa roho ya marehemu. Nilimtazama kijana huyo anavyolamba asali ya makrudhi kwenye kidole na nikaona hana habari amesema nini. Nikawajibu nitafikiri.

Nilikuwa na visasi viwili mkononi, na kila kimoja kilinitosha. Cha kwanza ni kunyamaza tu. Nafasi ingepita, na yeye angekwenda kama alivyompeleka mdogo wake, akiuliza habari za mvua.

Nilikwenda kumtembelea ili nikionje. Alikuwa amekaa barazani kwake na blanketi mapajani, anakula bsisa kwa kijiko kidogo, ule unga wa nafaka za kukaanga uliokorogwa na mafuta ya zeituni. Chakula kingine kilikuwa hakipiti. Alikonda, lakini sauti ilikuwa palepale.

"Wasila, karibu. Haya mawe yakiisha naagiza mashine mpya kutoka Italia. Itasaga pilipili bila vumbi, mtu unaweza kusimama karibu na kanzu nyeupe."

"Itasaga vizuri, Sidi Munji."

"Utaona."

"Nitaona."

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikapika kuskusi ya mtu mmoja nikaimaliza yote. Nilikwenda tena, na tena. Alizungumzia mahali atakapoiweka mashine, waya utakapopita, bango atakaloandikisha. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio. Anis alinipigia simu akasema daktari anataka jibu juma hilo, nikamwambia bado nafikiri.

Kilichonigeuza ni jirani yao, mwanamke wa makamo aliyekuja kuazima ungo nikiwa palepale barazani. Alimwambia Munji kuwa Mungu hatamwacha mtu aliyemhurumia ndugu yake kiasi kile, akamlinda na habari mbaya mpaka siku ya mwisho. Munji akainamisha kichwa, akasema kwa unyenyekevu, "Nilifanya linalompasa kaka." Nikaona kasoro ya kisasi changu. Nikinyamaza, huyu mtu atakufa msafi. Atakufa anajiona alimwokoa Khemais, na watamzika hivyo, na watambusu Walid bega. Kifo chake kitakuwa kama usingizi wa mchana.

Jirani alipoondoka nilichukua kisasi cha pili, nikasogeza kiti changu karibu.

"Sio mawe," nikamwambia.

Alicheka, lakini mkono ulisimama na kijiko. "Wasila. Bado na maneno yako ya kwenye korido."

"Macho yako yana rangi gani? Kwa nini bsisa tu ndiyo inayopita? Daktari anayepiga simu ambazo wanao wanakuficha ni nani? Wewe si mjinga. Unacho alichokuwa nacho Khemais, mahali palepale. Na kinaitwa..."

Akainua kiganja haraka, kama mtu anayezuia kofi. "Usilitaje."

"Sitalitaja. Nimekuwekea. Utalitaja wewe, mbele ya Daktari Rim, kwa mdomo wako mwenyewe. Ukilitaja utapewa dawa uliyomnyima mdogo wako. Ukishindwa, utakufa kwa neno ulilomuulia."

Aliliweka bakuli la bsisa chini. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anafua, maji yanamwagika, yanakatika.

"Watoto wanajua?" aliuliza. Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikiwa chini hivyo mchana.

"Wanajua. Umewasomesha vizuri."

Walid alinijia nyumbani jioni ileile akanitukana mlangoni. Aliniita nyoka, akaniita mjane wa nuksi. Nilimwacha amalize. Nilimwambia kesho nampeleka baba yake mimi, na kama anataka kunizuia amwulize kwanza mwenye mwili. Hakunizuia. Munji mwenyewe alikuwa ameshavaa, amekaa kwenye ngazi ananingoja, kofia nyekundu kichwani kama mtu anayekwenda kwenye ndoa.

Ofisi ya Daktari Rim ilikuwa ileile. Palikuwa na Fauzia, muuguzi mnene mwenye mdomo mwepesi, aliyemkaribisha Munji kiti akisema, "Kaa baba, hapa tunauma kidogo tu, na wanaume wazuri tunawauma mara moja." Munji hakutabasamu.

"Nieleze, baba," daktari akasema. "Kwa maneno yako. Unaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumboni kuna nini?"

"Uvimbe."

"Uvimbe gani?"

Alifuta jasho. "Ule mbaya."

"Uvimbe mbaya una aina nyingi. Huu ni upi?"

Alivua kofia yake nyekundu akaiweka magotini. Fauzia akamletea maji, akanywa yote. Daktari hakumharakisha. Alikaa tu na kalamu yake chini, amekunja mikono, kama angeweza kukaa hivyo mpaka jua lizame. Munji akanigeukia mimi, na katika miaka yote niliyoolewa kwao hakuwahi kunitazama vile.

"Mwambie wewe, Wasila."

"Mimi? Mimi silali usingizi. Mimi naokota maneno ya wauguzi."

Fauzia akatazama sakafu. Daktari Rim alinitazama mimi juu ya miwani na nadhani alitaka kunitoa nje.

Munji alifumba macho. Alilisema kwa kunong'ona, midomo haikuachana vizuri. Daktari akaitika kwa kichwa, akaichukua kalamu. Kwake ilitosha.

"Sijasikia," nikasema.

"Bibi Wasila," daktari akaanza.

Lakini Munji alikuwa ameshafumbua macho. Alilisema tena, kwa sauti ya mashine. "Saratani. Nina saratani ya kongosho." Lilipita mlangoni likatoka mpaka korido, na huko nje wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakanyamaza wote kwa pamoja. Hakuna aliyesema shari iwe mbali.

Baada ya hapo alijibu yote. Kwamba dawa inajaribiwa. Kwamba huenda isimsaidie yeye bali watakaokuja. Kwamba damu yake inaweza kushuka, kwamba atatapika, kwamba anaweza kuacha siku yoyote. Alijibu vizuri kama mtoto aliyesoma. Daktari akamsogezea karatasi, naye akaishika kalamu, halafu akaiweka.

"Ndugu yangu," akasema, "alipoitwa. Ilikuwa hii hii?"

"Habari za mgonjwa mwingine si zangu kuzitoa."

"Mwambie," nikasema. "Alikuwa mume wangu."

Daktari Rim alivua miwani. "Ilikuwa hii hii. Nilimshikia nafasi mpaka jioni ya siku ya mwisho."

"Angepona?"

"Sijui. Kiasi alichokuwa apewe yeye kilikuwa kidogo kuliko chako. Kati ya wale aliokuwa aingie nao, mmoja uvimbe wake ulinywea, wengine haukusikia kitu. Angeweza kuwa yule mmoja. Angeweza asiwe. Sijui, baba, na hilo halitajulikana tena."

Nilikuwa nimejiandaa asikie "ndiyo". Usiku mwingi nilikuwa nimeliweka hilo "ndiyo" tayari kwa ajili yake. Lakini nilipomtazama usoni niliona kuwa "sijui" imeingia ndani zaidi. "Ndiyo" angeilia ikaisha. Hii atalala nayo na kuamka nayo, akiigeuza huku na huku, na hakuna daktari wa kumtolea. Akatia sahihi. Herufi za jina lake zilipishana.

Siku ya dawa ya kwanza nilimpeleka mimi. Nimewaambia wanawe kwamba nitampeleka kila siku anayotakiwa kitengoni, na pale Bab Jdid wananisifu, wanasema mjane wa Khemais ana moyo wa dhahabu, ameweka kinyongo kando. Siwasahihishi.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Alikuwa hajala tangu jana, kama alivyoagizwa, na midomo ilikuwa imemkauka.

"Wasila," akasema, "nisamehe."

"Hapana."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei aliyoitegemea. Kisha akauliza, "Kwa hiyo unanileta hapa ili iweje? Nife mbele yako?"

"Naomba upone."

Akanigeukia.

"Naomba kweli. Ukifa mwaka huu utakuwa umefikiri kidogo sana. Nataka uwe na miaka mingi, Sidi Munji. Nataka uagize mashine yako ya Italia, na kila ukiiwasha uwe unajiuliza."

Mlango ukafunguliwa, Fauzia akatuita. Ndani alimpima presha, akamfunga waya kifuani, akamletea vidonge kwenye kikombe cha plastiki na maji pembeni. Vilikuwa vidogo, vyeupe, havina hata harufu. Munji aliviangalia kiganjani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Meza, baba, having'ati," Fauzia akasema.

Akameza.

"Sasa fungua mdomo. Ulimi juu. Ni kanuni yetu, tuhakikishe vimeshuka."

Akafungua mdomo, akainua ulimi. Fauzia akainama na tochi yake ndogo. Mimi nami niliinuka kwenye kiti, nikaja nikainama kando yake, nikatazama.